Ugonjwa uliondoka, mikorosho haijarudi: barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Waheshimiwa Wabunge na Madiwani wetu, Wakurugenzi wa Halmashauri, na viongozi wa vyama vyetu vya ushirika.

Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na poleni na kazi.

Nawaandikia kutoka kijijini, juu ya uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina neno moja, nalo ni hili: corona ilipopita kwetu haikuchukua roho za watu peke yake. Ilichukua mikorosho ya wasio nacho ikaikabidhi kwa wenye nacho, na mpaka leo hakuna aliyekaa chini akaihesabu. Madarasa yaliyojengwa tumeyahesabu, chanjo tumezihesabu. Miti iliyobadilisha mikono hatujaihesabu.

Naanza na mimi mwenyewe, maana siwezi kuyasema ya wenzangu huku yangu nimeyafunika.

Serikali ilifunga shule Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini. Nilirudi nyumbani nikakaa mpaka Juni 29. Miezi mitatu na siku kumi na mbili sikushika chaki, na mshahara wangu haukukosa hata mwezi mmoja. Naishukuru serikali kwa hilo, na sitamani mtumishi yeyote akatiwe mshahara kwa sababu ya ugonjwa. Lakini kadiri siku zilivyokwenda niliona kijiji kimegawanyika makundi mawili: sisi wachache ambao fedha ilikuja hata tukiwa tumelala, na wengine wote ambao wasipotoka hawali.

Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa na kijana wake Kariakoo akitembeza nguo. Neno hili machinga, ambalo nchi nzima inaliita kila muuza bidhaa wa barabarani, watu wengi hulitaja bila kukumbuka kwamba linahusishwa na watu wetu wa Lindi, Wamachinga, waliokwenda Dar es Salaam na mizigo mabegani kutafuta riziki. Kijana yule alikuwa mmoja wao. Kila mwezi alimtumia baba yake elfu ishirini, mwezi mzuri elfu thelathini. Aprili simu ikanyamaza. Wateja walikuwa wanaogopa misongamano, mzigo kutoka China haufiki, na chumba cha kupanga kinadai kodi ile ile.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani mzee alikuja barazani kwangu baada ya futari. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza habari za watoto mara mbili, kisha akasema, "Mwalimu, nishike mkono." Alikuwa na mikorosho ishirini iliyokomaa nyuma ya nyumba yake, na mingine bondeni. Alitaka laki moja na nusu. Mavuno ya ile ishirini kwa msimu ule yawe yangu.

Nikampa. Sikuona nimefanya kosa. Niliona nimemstiri mtu mzima wakati wa shida. Niliihudumia miti ile, nikanunua dawa ya salfa, nikalipa vibarua wa palizi na waokotaji. Fedha za mnada zilipoingia, baada ya kutoa gharama zote, kilichobaki kilikuwa zaidi ya mara mbili ya nilichompa. Usiku ule mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, hii si ndiyo kangomba yenyewe?" Kangomba ndivyo tunavyoita huku kununua mapema korosho za mwenye shida kwa bei ya kutupa. Sikumjibu. Hakuna jibu jingine.

Msimu uliofuata nilimrudishia mzee miti yake na nikampa sehemu ya fedha ile. Nilikuwa nimechelewa. Mikorosho ya bondeni alikuwa ameshaiweka rehani kwa mfanyabiashara mmoja kwa misimu mitatu, kwa sababu laki na nusu yangu iliisha kabla ya Idi na mkewe akaugua. Misimu mitatu haijaisha akaongezewa fedha kidogo na misimu mingine juu yake. Mwisho akaambiwa ni nafuu auze kabisa. Akauza. Sasa yeye na mkewe wanakwenda kuokota korosho kama vibarua kwenye shamba ambalo miche yake waliipanda kwa mikono yao.

Waheshimiwa, mkitaka kuelewa kwa nini ugonjwa uliokaa kwetu muda mfupi umeacha alama ndefu namna hii, itazameni kalenda ya mkorosho. Mkulima wa huku hapati fedha mwaka mzima. Anaipata kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa, na kufika Januari au Februari nyingi imeshakwenda kwenye madeni, ada na mabati. Kuanzia hapo mpaka muhogo na mahindi yakomae ni miezi ya njaa. Ikifika Juni, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unaanza kushambulia maua, na asiyepuliza salfa wakati huo asitegemee kitu Oktoba. Corona iliingia Machi. Ilimkuta mkulima akiwa hana akiba, ikakata fedha za watoto wa mjini mwezi ule ule zinapohitajika zaidi, na ikamfikisha Juni mikono mitupu mbele ya ubwiriunga. Aliyekuwa na laki mbili mwezi ule alivuna. Aliyezikosa alipoteza msimu, na ili asipoteze msimu wa pili akaweka rehani miti yenyewe. Kwa hiyo hasara ya huyu haikupotea hewani. Ilikwenda kwa mtu, na mtu huyo yupo, wakati mwingine ni mimi.

Najua mtasema Tanzania hatukufungiwa ndani kama nchi nyingine, na ni kweli. Masoko yalibaki wazi, mashamba yalilimwa, na kwa mtu anayekula alichochuma leo ile ilikuwa nafuu kubwa sana. Sipingi hata kidogo. Ila korosho yetu hatuili sisi. Sehemu kubwa kabisa inapanda meli ikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, na India walifungiana kuanzia Machi 25, 2020. Kiwanda kikifungwa kule, wasiwasi unaingia ghala la Newala, Masasi, Ruangwa na Liwale, na mkulima aliyeweka rehani kwa bei ya woga hawezi kuirudisha bei ile hata mnada ukija kuwa mzuri. Tulikuwa huru kutoka nje ya nyumba, lakini kipato chetu kilikuwa kimefungiwa katika nchi za watu.

Akina mama wanaobangua kwa mkono majumbani nao waliguswa kwa namna yao. Wale mnaowaona wakiuza korosho zilizokaangwa kwenye vituo vya mabasi kutoka Kilwa hadi Masasi hawana bodi wala chama kikuu. Mteja wao ni msafiri. Msafiri alipopungua, mtaji wa kununulia debe moja la korosho uliliwa nyumbani kama unga. Mtaji wa namna hiyo ukishaliwa hauna benki ya kuuomba upya. Wengi wao niliowafahamu waliingia vikoba kukopa, wakashindwa kurejesha, wakaona haya, wakajitoa kwenye kikundi. Mwanamke akitoka kwenye kikoba amepoteza zaidi ya fedha: amepoteza watu wa kumdhamini.

Na maji. Tuliambiwa tunawe mikono kwa maji tiririka na sabuni, na ushauri ulikuwa sahihi. Machi na Aprili mvua zilikuwa zikinyesha, kila nyumba ikakinga, ndoo zenye bomba zikawekwa mpaka dukani. Lakini anayeishi juu ya uwanda huu anajua kiangazi chake. Mradi wa Makonde unasukuma maji kutoka Mitema, bonde liko chini sana na sisi tuko juu sana, na ikifika Agosti mwenye kisima cha saruji cha kuvunia mvua anakunywa na kuuza, asiye nacho ananunua dumu kwa dumu. Nyumba moja kunawa ilikuwa usafi, nyumba ya pili kunawa ilikuwa matumizi ya fedha. Ndoo zile za kunawia zilianza kukauka kwa mpangilio huo huo, kuanzia kwa wanyonge.

Shuleni kwangu niliyaona kwa macho. Wakati shule zimefungwa yalikuwapo masomo ya redioni na kwenye televisheni. Watoto wa watumishi na wa wenye maduka waliyafuata. Watoto wa wengine walikuwa shambani wakifukuza ngedere na nguruwe, na hata nyumba yenye redio ilikuwa inapima betri. Juni 29 tulipofungua, nilikuwa na darasa la sita. Wanne hawakurudi. Wawili wa kike nilisikia wameolewa. Wa kiume mmoja alikwenda kuvua Msimbati na mjomba wake, na wa nne mpaka leo sijui. Katibu wa kijiji alizunguka, mimi nilizunguka. Novemba 24, 2021 serikali ilitangaza kwamba watoto walioacha shule, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi. Ulikuwa uamuzi mwema na niliufurahia sana. Mmoja wa mabinti wale nilimfuata kumwambia. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, akaniuliza nani atamshika mtoto wakati yeye yuko darasani, na nani atampalilia mama yake. Mlango umefunguliwa, na njia ya kuufikia bado ina miiba.

Niseme sasa kuhusu fedha zilizokuja. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipatia nchi yetu mkopo wa dola milioni 567, na Oktoba mwaka ule Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan akazindua pale Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Madarasa 15,000 yalijengwa nchini. Shule za huku zimepata. Watu wanayaita madarasa ya Uviko, yana vigae na madawati mapya, na watoto waliokuwa wakibanana sasa wanapumua. Afya na maji navyo vilipata sehemu. Leo tuna hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, jambo ambalo mzee wangu hakuwahi kuliota. Sitaki barua hii isomeke kama ya mtu asiyeona mema.

Lakini ukuta hauwezi kumrudishia mtu shamba. Mkopo ule wa taifa tutaulipa sote, aliyenunua mikorosho kwa bei ya njaa na aliyeiuza, kupitia sukari, sabuni na vocha. Na katika kipindi hicho hicho, Julai 15, 2021, tozo za miamala ya simu zilianza kukatwa, kuanzia shilingi kumi hadi elfu kumi kwa muamala kutegemea kiasi. Septemba zilipunguzwa kwa asilimia 30 baada ya wananchi kulalamika, na miaka iliyofuata zikapunguzwa tena. Nashukuru mlisikia. Ila ninyi mnaotoka huku mnajua kwamba simu ndiyo benki ya kijiji chetu. Fedha ya kijana wa Kariakoo kwenda kwa mzee wa Newala haina njia nyingine. Tozo ilipokatwa mwaka ule ilimkata mtu ambaye alikuwa amekwisha kukatwa na ugonjwa, na mwenye fedha zake benki hakuisikia sana.

Haya hayakutokea kwetu tu. Benki ya Dunia imeandika kwamba mwaka 2020 pekee watu wapatao milioni 70 waliongezeka kwenye umaskini uliokithiri, na haijawahi kutokea ongezeko kubwa kiasi hicho kwa mwaka mmoja tangu wafuatiliaji waanze kuhesabu mwaka 1990. Shirika la Oxfam nalo likaeleza, Januari 2022, kwamba utajiri wa wanaume kumi matajiri kuliko wote duniani ulipanda zaidi ya mara mbili katika kipindi cha janga, kutoka dola bilioni 700 hadi trilioni 1.5. Nilipozisoma namba hizo niliwaza ile mikorosho ishirini nyuma ya nyumba ya jirani. Mwenye hisa New York na mwalimu wa Newala tumefanana kwa jambo moja: tulikuwa na cha kushikilia wakati bei iko chini, tukasubiri ipande.

Na historia yetu ilikwisha kutuonya. Wazee wanasimulia jinsi vijiji vya ujamaa vilivyowahamisha watu miaka ya 1970 mbali na mikorosho yao, miti ikaachwa porini. Uzalishaji wa nchi ulishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi, ubwiriunga na bei vikiwemo, lakini mtu kutenganishwa na mti wake ilikuwa moja kubwa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamefanya kazi ya miaka mingi kuturudisha, wakatupa miche bora na ujuzi wa salfa. Sasa tunatenganishwa na miti yetu tena, safari hii kimya kimya, kwa karatasi ya daftari na dole gumba lililopakwa wino.

Ninaomba mambo machache. Jambo la rehani ndilo kubwa na nitalikalia.

Kila msimu mnapambana na kangomba. Oktoba na Novemba tunaona doria, magunia yanakamatwa, watu wanawekwa ndani. Waheshimiwa, mnawakamata Novemba wakati makubaliano yalifungwa Februari. Mama aliyechukua unga wa mfanyabiashara mwezi wa pili ameshauza korosho zake kabla ua halijachanua, na hakuna kizuizi cha barabarani kinachoweza kumrudisha nyuma. Mkitaka kuimaliza kangomba, jengeni kitu cha kushindana nayo mwezi wa pili. Chama cha msingi cha ushirika kinamjua kila mkulima, kinajua alipeleka kilo ngapi ghalani msimu uliopita. Kwa nini kisiweze kumkopesha shilingi elfu sitini au themanini ya chakula na salfa, kwa riba ndogo, ikakatwa kwenye malipo ya mnada pamoja na makato mengine? Makato ya kila aina tunayo tayari. Ongezeni hili moja ambalo mkulima mwenyewe ataliomba. Vyama vikuu vina uwezo wa kwenda benki kwa niaba yetu. Mkulima wa ekari mbili hana.

Pili, kila kijiji kiwe na daftari la rehani za miti. Mtu akikodisha au kuweka rehani mikorosho yake, iandikwe mbele ya serikali ya kijiji: miti mingapi, misimu mingapi, kwa fedha kiasi gani, na mwenzi wake wa ndoa awepo na akubali. Misimu iwe na ukomo. Isiwepo kuongezeana juu kwa juu mpaka mtu achoke auze. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeshatupa mabaraza ya ardhi ya vijiji na hati za kimila. Kinachokosekana ni nyinyi kuwaambia watendaji kwamba mti nao ni mali ya kuandikwa. Na kwa zile za miaka ya janga, 2020 hadi 2022, naomba kamati ya wilaya ipite kijiji kwa kijiji izisikilize upya. Siombi mtu anyang'anywe. Naomba aliyekwisha kuvuna mara tatu ya alichotoa aitwe, aoneshwe hesabu, na apewe nafasi ya kurudisha. Mimi niliitwa na mke wangu. Wengine hawana wa kuwaita.

Malipo ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini nayo, naomba yafike Januari hadi Aprili kwa huku kwetu. Ruzuku inayokuja wakati wa mavuno inamkuta mtu ana kitu; ile ile ikija mwezi wa tatu inaokoa mikorosho. Na likitokea janga jingine, orodha ya kaya hizo ipo, simu zao zipo. Wiki mbili zinatosha kuwafikia, msingoje mpango wa mwaka na nusu baadaye.

Viwanda vya kubangua mmeviahidi mara nyingi na wenzangu wameliandikia sana suala hilo, sitalirudia. Naongeza tu kwamba korosho iliyobanguliwa hapa haingojei mtu wa nchi ya mbali afunguliwe mlango.

Nimekaa na wazee watatu wa kitongoji chetu jioni kadhaa, tukaandika kwenye daftari la mazoezi mashamba tunayoyajua yaliyowekwa rehani au kuuzwa tangu Machi 2020: yalikuwa ya nani, yako upande gani, yana miti mingapi, yalichukuliwa kwa kiasi gani. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, nimeandika jina langu na ile mikorosho ishirini. Majina mengine sitayaweka hadharani kabla wenyewe hawajasikilizwa. Daftari liko nyumbani. Pangeni siku, tumeni hata mtu mmoja kutoka halmashauri. Wazee wamesema watamtembeza kwa miguu shamba kwa shamba, naye mzee jirani yangu amesema atakwenda nao mpaka bondeni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa shule ya msingi, Newala, Mtwara